Uzoefu wangu na kliniki ya afya ya akili Tanga: kwa nini vijana tunaanza matibabu na kuyaacha

Kila mara ninaulizwa pembeni na watu wenye mdogo wao, binti yao au mpwa wao aliyeanza kubadilika: ile kliniki ya afya ya akili inasaidia kweli? Inasaidia. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani, na leo ninakata kitambaa cha mteja bila kusikia sauti ya mtu asiyekuwepo. Dawa za pale ndizo zilizonifikisha hapa. Huduma naipa nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili nilizozizuia zinahusu jambo moja tu: vijana wengi tunaoanza matibabu tunaacha katikati, na sababu zetu hakuna anayeziuliza. Jina la kliniki nimeliacha makusudi. Nimezungumza na vijana waliotibiwa Muheza, Korogwe hata Dar es Salaam, na wanayoyasema ni haya haya.

Ugonjwa wangu ulianza kwa kukosa usingizi. Kisha cherehani ikawa inanitaja jina, kisha nikaamini wateja wametumwa kuja kunichunguza. Hali hiyo madaktari wanaiita saikosisi, yaani akili inaposhindwa kutenganisha kilichopo na kisichokuwepo, na mara nyingi huanza ujanani, mtu anapomaliza shule au ndiyo kwanza ameshika kazi. Nyumbani walisema ni jini. Nilisomewa, nikanywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya za Kurani, nikafukizwa. Siwalaumu hata kidogo. Shehe aliyenisomea ndiye aliyemwambia mama, baada ya muda, "Huyu mtoto mpelekeni hospitali, kisomo tutaendelea nacho." Kliniki ingeweza kumpata wapi msaidizi bora kuliko yule mzee? Ndiyo maana iliniuma siku ya kwanza mama alipotaja kombe akakaripiwa mbele za watu, akaulizwa kama amenileta kutibiwa au kufanyiwa uganga. Tangu hapo hakulitaja tena. Kisomo tuliendelea nacho, dawa tuliendelea nazo, ila kisomo kikawa siri. Familia ikishaanza kuficha jambo moja kwa daktari, la pili halina uzito.

Kuhusu mambo ya kawaida ya huduma nitasema kwa ufupi. Kliniki ya akili ina siku yake katika wiki na mtaa mzima unaijua, kwa hiyo ukionekana umekaa kwenye benchi lile siku ile umeshatangazwa. Unafika saa moja asubuhi, faili linatafutwa, kwa daktari unaingia saa tano, dirisha la dawa linakuachia saa saba. Kwa fundi, msimu wa Idi, siku hiyo moja inaweza kukupotezea wateja wa mwezi. Dawa zikiisha dirishani unaandikiwa karatasi ukanunue duka la dawa, ingawa magonjwa sugu ya akili yamo kwenye msamaha wa malipo. Na benchini unakaa na watu waliougua miaka mingi, wengine wameletwa wamefungwa kamba kwenye bajaji. Nawaheshimu sana wenzangu wale, lakini kijana wa miaka 22 anayewatazama kwa mara ya kwanza anaona ameonyeshwa maisha yake yote yaliyobaki, na hakuna anayemkalisha kumwambia kwamba wengi wa wanaoanza tiba mapema hurudi kazini na shuleni.

Watu wakieleza kwa nini vijana wanaacha, huishia hapo: nauli, foleni, dawa kuisha, imani za kienyeji. Mimi nimekuja kuamini kwamba shina la tatizo liko kwingine. Nilipopata nafuu ya kuweza kusoma, nilitafuta habari za nchi ambazo hayo yamepunguzwa. Melbourne, Australia, tangu 1992 kuna huduma maalumu ya vijana wanaopata saikosisi kwa mara ya kwanza, iliyoanzishwa na daktari Patrick McGorry na wenzake. Uingereza ilianza kusambaza timu za namna hiyo nchi nzima miaka ya 2000. Kijana anapewa mhudumu wake mmoja anayemjua kwa jina, anaweza kumtembelea nyumbani, na anamsaidia kurudi chuo au kazini. Hata huko, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2014 yalikuta kwamba takriban asilimia 30 ya wagonjwa hawa huacha huduma. Wanaotumia bangi na vilevi huacha zaidi, na wasio na familia inayoshiriki kwenye matibabu yao huacha zaidi. Huko hakuna kombe wala foleni ya dirisha la dawa, na bado karibu mtu mmoja kati ya watatu anaondoka. Niliposoma hayo nilijiona mimi, kwa sababu na mimi niliondoka, na sikuondoka kwa sababu ya nauli.

Chumba cha daktari kilikuwa na viti vitatu. Daktari alikaa kimoja, mama kimoja, mimi kimoja. "Analala?" Mama akajibu. "Anakula? Dawa anakunywa? Bado anaongea peke yake?" Mama akajibu yote, vizuri na kwa uaminifu. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu wakati huo. Sauti zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa na swali moja zito na sikulisema, kwa sababu lilikuwa haliwezi kusemwa mbele ya mama yangu. Ni sawa na kumshonea binti gauni kwa vipimo vya mama yake: kitambaa kizuri, mshono mzuri, na mwenyewe haliwezi kumkaa.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Nilikuwa natumia dawa ya saikosisi iitwayo haloperidoli. Mikono ilitetemeka kidogo na uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano, lakini hilo lilionekana kwa macho, nikaongezewa kidonge cha kupunguza mtetemeko na kikasaidia. Lisiloonekana ni kwamba hedhi ilikata. Mwezi wa kwanza nikanyamaza. Baadaye, naoga, nikaona maziwa yanatoka kifuani. Mimi sijaolewa, sijawahi kubeba mimba. Naomba kila anayesoma afikirie maana ya jambo hilo kwa msichana wa nyumba yetu. Mama alipogundua kwamba vitambaa vyangu vya hedhi haviko kwenye kamba, alinunua kipimo cha mimba bila kuniambia, akanikabidhi chooni na kusimama mlangoni. Kilitoka hasi na hakukiamini. Akataka kingine. Kwa siku kadhaa nyumbani hatukuangaliana usoni, na mimi mwenyewe nilianza kuamini tena kwamba ni jini mahaba, maana wanawake wa kwetu wanasema akikupanda unakuwa kama mke wa mtu.

Maelezo yake ni mafupi kiasi kwamba inauma kuyajua nimechelewa. Dawa kadhaa za ugonjwa huu, zikiwemo haloperidoli na risperidoni, huzuia kazi ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Dopamini hiyo hiyo ndiyo inayozuia homoni ya prolaktini isipande. Prolaktini ikipanda, hedhi inaweza kukata na maziwa yanaweza kutoka bila mimba. Inajulikana, inapimika kwa damu, na kuna njia za kuitibu: kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Kwa wavulana dawa hizi zinaweza kuondoa hamu au nguvu za kiume. Niambieni ni kijana gani wa Tanga atalitamka hilo akiwa ameketi na mama yake, au na mjomba aliyemsindikiza. Atasema dawa nzuri, atapokea tarehe ya kurudi, na hatarudi. Kwenye faili ataandikwa mtoro.

Mimi nilianza kuweka vidonge chini ya ulimi na kuvitema. Hedhi ilirudi. Maziwa yakakauka, mikono ikatulia, nikashona madira kwa kasi yangu ya zamani, na kwa majuma kadhaa hakuna mtu ambaye angenishawishi kwamba nahitaji dawa. Hili nalo wahudumu walitazame kwa makini: anayeacha kwa kawaida hupewa thawabu kwanza. Anajisikia vizuri mara moja, na ugonjwa unarudi baadaye sana, wakati ameshasahau kuvihusisha viwili hivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999, uliofuatilia wagonjwa wa mara ya kwanza kwa miaka mitano, ulikuta kwamba kuacha dawa huongeza hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara tano. Wangu ulirudi. Safari hiyo nilichana kitambaa cha harusi cha mteja, vipande, nikiamini kina maandishi.

Nesi niliyemkuta niliporudi ndiye sababu ya nyota tatu. Bila yeye ningeweka moja. Alipofungua faili alimgeukia mama akasema, "Shikamoo mama. Naomba utusubiri hapo nje kidogo, tutakuita." Kisha akasogeza kiti. "Haya mdogo wangu, dawa ilikufanya nini mwilini? Niambie hata lile la aibu." Nikamwambia. Hakushangaa. Akamweleza daktari, nikapimwa, nikabadilishiwa olanzapini. Yenyewe inanenepesha, na sukari na uzito inabidi viangaliwe. Hilo pia niliambiwa kabla, nikachagua mwenyewe. Nimenenepa kweli. Lakini naujua mwili wangu unafanya nini na kwa nini, na hilo limenifanya nisiruke kidonge kuliko karipio lolote nililowahi kupata.

Alifanya jambo jingine dogo. Aliuliza namba yangu ya simu. Mpaka siku hiyo kwenye faili ilikuwa namba ya mama, na ujumbe wote wa kukumbushwa tarehe ulikwenda kwa mama. Sasa unakuja kwangu. Ramadhani ilipokaribia alinipigia akauliza nitafunga au la, tukapanga kidonge nikinywe baada ya kufuturu. Nilikuwa nimejiandaa kukiacha mwezi mzima bila kumwambia mtu, na nina hakika sipo peke yangu pwani hii.

Kuna neno moja zaidi ambalo nalipinga waziwazi. Siku yangu ya kwanza mama aliambiwa, "Hizi ni za maisha." Sisi tumekulia kwenye malaria, dozi ya siku tatu na mambo yamekwisha, kwa hiyo neno hilo lilituangukia wote wawili. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza inashauri dawa ziendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha, kisha jambo lijadiliwe na mgonjwa, familia na daktari, na zikipunguzwa zipunguzwe taratibu chini ya uangalizi. Kwa sababu mimi ugonjwa ulirudi, muda wangu utakuwa mrefu zaidi, na nimekubali. Lakini kijana anayeambiwa mwaka mmoja halafu tutakaa tuzungumze, ana kitu cha kuhesabu. Aliyeambiwa maisha yote siku ya kwanza anaanza kutafuta mlango.

Kwa uongozi wa kliniki zetu, kuanzia za mjini hadi hospitali ya Lutindi kule milimani Korogwe inakotolewa huduma ya akili tangu 1904, ombi langu si la fedha nyingi. Wekeni saa moja au mbili za jioni kwa vijana, tofauti na siku ile ya benchi. Mpeni kila kijana mgeni mhudumu mmoja atakayemwona kila akija. Namba ya simu iwe yake. Swali la hedhi na la nguvu za kiume liulizwe kwa kila mtu, na mhudumu wa jinsia yake ikiwezekana, bila kungoja mgonjwa ajitutumue.

Na kwa mzazi au kaka unayetaka kumpeleka mtu wiki hii: mpeleke, usingoje amalize kusomewa, vyote viwili vinakwenda pamoja. Beba karatasi yenye majina ya kila dawa aliyopewa, pamoja na za miti shamba. Mkifika kwa daktari, kama ametulia na hana hatari ya kujiumiza, mwache aingie peke yake kwanza, hata kwa dakika tano. Halafu uingie useme yako: hapati usingizi, hataki kula, anafunga madirisha mchana. Daktari anayahitaji hayo pia, na mengine mgonjwa hawezi kuyaona.