Redmine baada ya miaka miwili: "231 yangu imefikia wapi?"

Kabla ya Redmine, programu ya kufuatilia hitilafu na kazi za mradi, hitilafu zetu zote zilikuwa zinaishi WhatsApp. Tuko wanne, tunatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS moja. Mhasibu wao, mama mmoja mcheshi, akikwama anatuma sauti ya dakika tatu na picha ya skrini iliyopinda, mwanga wa taa umekaa juu ya namba yenyewe. Kuna Ijumaa aliripoti kwamba riba inakatwa mara mbili kwa anayelipa kabla ya tarehe. Kufika Jumatatu ujumbe ulishazikwa chini ya michango ya harusi, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake analishughulikia.

Tukachukua Redmine kwa kuwa ni ya bure na data inabaki kwenye seva yetu. Ipo tangu 2006, na sura yake haifichi umri. Kuisimika kulinila siku mbili kwa sababu toleo langu la Ruby, lugha iliyoandikiwa Redmine, halikuendana nayo. Jedwali la matoleo lipo, sikulisoma, ujuaji tu.

Kisha tukajitungia hali tisa za tiketi, yaani rekodi ya kila hitilafu yenye namba yake. Mwezi haujaisha, kila kitu kimeganda kwenye "inachunguzwa". Tukabakiza nne. Barua pepe za Redmine nazo zilitumwagikia kama mvua, hadi kila mtu alipozipunguza kwenye akaunti yake. Chati ya Gantt, ile ya kupanga kazi kwa tarehe, sijaigusa hadi leo.

Kilichonikamata ni namba za tiketi. Ukiandika refs #214 kwenye ujumbe wa komiti (badiliko la msimbo unalolihifadhi kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo), badiliko linajitokeza ndani ya tiketi 214, na miezi sita baadaye unaona kwa nini mstari fulani uliguswa na nani aliuomba. Ila nakala ya hazina ya Git, yaani msimbo wote na historia yake, lazima iwe kwenye seva ileile ya Redmine, na komiti mpya hazisomwi mpaka mtu afungue ukurasa wa hazina, au uweke cron, kazi inayojiendesha kwa ratiba, ya kuzivuta. Mimi nilikesha nikidhani nimeharibu kitu, kumbe ni kubofya tu.

Mama bado anatuma sauti. Tiketi tunamfungulia sisi na kumrudishia namba. Juzi alipiga simu, hata salamu hakumaliza: "Wanangu, 231 yangu imefikia wapi?"