Kozi ya hadithi fupi: wiki ya tatu ndiyo iliyonifaa

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya wiki sita ya kuandika hadithi fupi. Nianze na kero. Wiki mbili za mwanzo ni kukaririshana tu majina ya mbinu za lugha: tashibiha ni hii, sitiari ni ile, chuku ni hivi. Hayo nilikuwa nayajua tangu shuleni, na hadithi zangu zilikuwa kavu vilevile. Nusura nijitoe.

Wiki ya tatu mwalimu akaishika aya yangu: "Chumba kilikuwa na giza na huzuni, na Salima alikuwa na wasiwasi." Akauliza swali moja: humo ndani kunasikika nini? Swali hilo lilininyima usingizi siku mbili. Nikarudi na hii:

"Bomba lilivuja. To. Salima akahesabu. To. Akaacha kuhesabu, bomba likaendelea. To."

Huzuni sijaitaja, wala wasiwasi, lakini vyote viwili vimo. Takriri, yaani kurudiarudia neno, nilikuwa naiona pambo la mashairi. Kumbe hapa inauburuza muda, mpaka msomaji naye anakaa kusubiri tone lijalo. Na ile nukta baada ya kila "to" inafanya kazi kuliko vivumishi vyangu vyote.

Kwenye tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho mtu tabia za mtu, ndiko tulikobanwa hasa. Mhakiki Mwingereza John Ruskin aliandika mwaka 1856 kwamba povu la bahari si katili wala halitambai. Anayeliona hivyo ni mtu aliyevurugwa na majonzi. Yeye aliiona kasoro, mwalimu wetu akaigeuza kipimo: nani anayeona? Mlango "ukigoma" kufunguka, basi awe ni Salima anayeona umegoma, kwa sababu ana hofu, si mimi ninayetaka kusifiwa. Katika hadithi yangu zilikuwamo tashihisi tisa, nikafuta saba. Mwezi uliopiga miayo ulikwenda na maji (kimoyomoyo bado naupenda).

Kinaya, yaani mambo kuwa kinyume cha yanavyosemwa au kutarajiwa, kilipewa dakika ishirini za mwisho wa wiki ya sita, mbio mbio, na sauti ya video ilikuwa inakatika. Hapo sikuambulia kitu.

Kama una rasimu mkononi, jiunge, ila hizo wiki mbili za kwanza zipitie juujuu. Kama huna, andika kwanza, maana mazoezi yote yanakula aya zako mwenyewe. Maoni ya mwalimu huchelewa: ya hadithi yangu ya mwisho niliahidiwa baada ya siku saba, na leo ni ya kumi na tisa.