Uzoefu wangu na kituo cha polisi baada ya nyumba kuvunjwa: mapokezi mazuri, ukimya katika upelelezi

Nimekuwa nikihudumiwa na kituo cha polisi cha eneo letu tangu nyumba yangu ilipovunjwa mchana nikiwa kazini. Ninaandika haya kwa sababu maoni mengi yanayotolewa kuhusu polisi ni ya makundi mawili: wale waliorudishiwa mali zao, ambao husifu kila kitu, na wale ambao hawakurudishiwa, ambao hulaani kila kitu. Mimi hadi leo sijarudishiwa chochote. Kompyuta mpakato imekwenda, simu imekwenda, na pete ya marehemu mama yangu, ambayo ndiyo inayoniuma kuliko vyote, haijulikani iliko. Hata hivyo, sehemu kubwa ya huduma niliyopewa ilikuwa nzuri, na iliyokuwa mbaya haikuhusu kukamatwa au kutokamatwa kwa mwizi.

Nianze na simu ya dharura. Aliyeipokea aliniuliza kwanza nilipo, kabla hata ya kuniuliza kilichotokea, na baadaye nilielewa kwa nini: simu ikikatika, angalau wanajua pa kutuma askari. Aliuliza kama kuna uwezekano kwamba mtu bado yumo ndani, akanisisitizia nisivuke mlango wala nisishike kitu, kisha akanieleza waziwazi kwamba kwa kuwa hapakuwa na mtu aliye hatarini, gari lililokuwa karibu lingekwenda kwanza kwenye tukio jingine na mimi ningesubiri. Nilisubiri kwa muda mrefu, lakini kwa kuwa niliambiwa mapema sikuwa na kinyongo. Uchunguzi uliofanywa Kansas City, Marekani, katika miaka ya 1970 uliona jambo hilo hilo: kuridhika kwa wananchi kulitegemea zaidi kama polisi walifika kwa muda ambao mpigaji simu alikuwa ameutarajia, kuliko idadi ya dakika zenyewe. Kwa hiyo kituo chenye magari machache bado kinaweza kuwatendea watu vizuri, mradi kiwaambie ukweli.

Askari wa doria walikuja wawili. Mmoja alizunguka nyumba huku mwenzake akiniuliza maswali mlangoni, na baadaye akaja mtaalamu wa alama za vidole. Nilisimama karibu naye nikatazama kazi yake. Aliinamisha tochi hadi mwanga ukapita sambamba na kioo cha dirisha, akatafuta mahali penye ukungu wa jasho na mafuta ya ngozi, ndipo akapitisha brashi laini yenye unga mweusi kwa mizunguko midogo mpaka mistari ya kidole ikajitokeza. Akabandika utepe unaonata, akauvuta taratibu, akauhamishia kwenye kadi nyeupe na kuandika tarehe, saa na sehemu ya kioo alikoutoa. Nilipomwomba ajaribu pia mito ya viti iliyokuwa imetupwa sakafuni, alinieleza bila kunidharau kwamba kitambaa cha aina ile hakishiki alama kwa unga kama kinavyoshika kioo au chuma kilichopakwa rangi. Kisha akachukua alama za vidole vyangu na za wote tunaoishi pale, ili zetu zitengwe na za mgeni.

Yule askari aliyezunguka nyumba alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alinionyesha komeo la dirisha lililong'olewa na kuniambia nilibadilishe siku hiyo hiyo, kwa sababu nyumba iliyovunjwa mara moja ina hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, hasa katika wiki chache zinazofuata. Alisema kweli. Katika miaka ya 1980 mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, Uingereza, ulipunguza sana wizi wa majumbani kwa kuelekeza juhudi kwenye nyumba ambazo tayari zilikuwa zimeibiwa: makomeo yaliimarishwa na majirani wakapangwa kuziangalia. Ushauri wa namna hiyo haumgharimu askari chochote, na kwangu ulikuwa na thamani kuliko pole nyingi nilizopewa siku ile. Ningependa kila askari wa doria autoe kabla ya kuondoka kwenye nyumba iliyovunjwa.

Kutoka hapo nilikwenda kituoni kuandikisha maelezo. Kaunta yenyewe ndiyo udhaifu wa kwanza wa kituo hiki. Watu husimama bega kwa bega, na kila anayeeleza shida yake humweleza askari wa zamu mbele ya masikio ya foleni nzima. Wizi wa kompyuta si siri, nami sikupungukiwa na kitu. Lakini pembeni yangu alisimama mwanamke mwenye uso uliovimba, akiulizwa kwa sauti ya kawaida ni nani aliyempiga, na nilimwona akigeuka kutazama waliokuwa nyuma yake kabla ya kujibu kwamba alianguka. Sijui alichokuwa anataka kusema. Ninajua tu kwamba pale hapakuwa mahali pa kukisemea, ilhali hatua chache kutoka kaunta palikuwa na chumba kitupu chenye meza na viti viwili. Baada ya muda askari wa kike alitoka ndani, akamshika mkono na kumpeleka huko. Alifanya vema, ila utaratibu huo ulipaswa kuwa wa kwanza, usisubiri huruma ya mtu mmoja aliyepita kwa bahati.

Askari aliyeniandika maelezo anastahili sifa ninazoweza kumpa bila kumtaja jina. Aliniomba nieleze siku nzima kwa mpangilio wangu mwenyewe, tangu nilipofunga mlango asubuhi hadi nilipokuta kioo kimevunjwa, na muda wote huo hakunikatiza. Maswali yake yalikuja mwishoni. Wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman, walioanza kuchunguza mahojiano ya mashahidi katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba shahidi hukumbuka zaidi anapoachwa asimulie kwa mtiririko wake na kurudishwa kimawazo kwenye mazingira ya tukio, na kwamba kumkatiza kila mara humfanya afupishe majibu. Nami niliona nguvu ya njia hiyo. Nilipofika kwenye habari za asubuhi nilikumbuka pikipiki iliyokuwa imeegeshwa mahali ambapo hapaegeshwi vyombo, jambo ambalo nisingelisema kama ningekuwa najibu ndiyo au hapana tu.

Alipomaliza alinisomea maelezo yote kwa sauti ya chini, sentensi baada ya sentensi. Palikuwa na mstari uliosema kwamba dirisha liliachwa wazi. Nilimwambia sikusema hivyo. Nilisema dirisha lilifungwa lakini komeo lake lilikuwa dhaifu. Hakubishana wala hakuonyesha kuudhika. Alikata maneno yale kwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, akaandika maneno sahihi juu yake, na kunitaka niweke saini pembeni ya marekebisho kabla ya kusaini chini ya kila ukurasa. Ninalitaja hili kwa kirefu kwa sababu karatasi ile ndiyo itakayosomwa mahakamani kesi ikifika huko, na mlalamikaji aliyesaini maelezo yasiyo yake atahojiwa kwayo. Aliniuliza pia namba ya utambulisho wa kompyuta pamoja na namba ya IMEI ya simu, zile tarakimu 15 ambazo kila simu huwa nazo na ambazo huchapishwa kwenye boksi lake. Nilikuwa nazo. Bila namba hizo, polisi hata wakikamata shehena ya simu za wizi hawana njia rahisi ya kujua ipi ni ya nani. Niliondoka na karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu na jina la mpelelezi atakayeshika jalada.

Mpaka hapo, kama ningeulizwa, ningesema huduma ilikuwa ya hali ya juu.

Kilichofuata ni ukimya. Mpelelezi hakupiga simu. Nilipopiga mimi, niliambiwa yuko nje kikazi, au yuko mahakamani, au niache ujumbe, na ujumbe niliouacha haukujibiwa. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ana kamera ya usalama inayotazama lango langu, na nilikuwa nimeitaja ndani ya maelezo. Kamera nyingi za majumbani hujifuta zenyewe nafasi ya kuhifadhi inapojaa: picha mpya huandikwa juu ya za zamani, mara nyingi baada ya wiki chache na wakati mwingine baada ya siku chache. Jirani alikuwa tayari kutoa picha tangu siku ya kwanza, lakini alitaka kuzikabidhi kwa polisi wenyewe ili asije akaulizwa baadaye kama aliziharibu, na kwa hilo simlaumu. Hakuna aliyekwenda kuzichukua. Siku mpelelezi alipofika kwake hatimaye, zilikuwa zimekwisha kufutika. Inawezekana zisingeonyesha lolote la maana. Lakini kama ile pikipiki ilipita mbele ya kamera, namba yake ilikuwamo humo, na nafasi hiyo haitarudi tena.

Ninafahamu kwamba wapelelezi hubeba majalada mengi kwa wakati mmoja na kwamba wizi wa nyumba huwekwa nyuma ya mauaji na ujambazi, na ni haki uwekwe nyuma. Sikudai mwizi akamatwe kesho yake. Nilichokosa ni kuelezwa. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu haki kwa waathirika wa uhalifu linataka watendewe kwa huruma na kwa kuheshimiwa utu wao, na waarifiwe jinsi shauri lao linavyoendelea. Mwanasaikolojia wa Marekani Tom Tyler, aliyewahoji wakazi wa Chicago waliowahi kukutana na polisi na mahakama, aligundua kwamba watu huzipima taasisi hizo zaidi kwa haki waliyoiona katika namna walivyotendewa kuliko kwa matokeo waliyoyapata. Mimi ni mfano wake hai. Ningeambiwa kwamba alama za vidole hazikupata mwenyewe katika kumbukumbu zao na kwamba hakuna hatua nyingine inayowezekana kwa sasa, ningesikitika kwa sababu ya pete ya mama, lakini nisingejiona nimetupwa.

Niliandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa kituo. Wapo walionionya kwamba kulalamikia polisi ni kujitafutia uadui, na ninajua kwamba kuna mahali ambapo onyo hilo lina msingi. Nilikumbuka hata hivyo jinsi namba ya dharura ya 999 ilivyoanza London mwaka 1937. Miaka miwili kabla yake nyumba moja ya Wimpole Street iliungua na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuita zimamoto kwa simu aliwekwa kwenye foleni ya waliosubiri kuunganishwa, akaandika barua gazetini kulalamika. Namba ambayo imeokoa watu wengi tangu hapo ilichochewa na malalamiko ya mkazi wa kawaida aliyeeleza kwa utulivu alichokiona. Kwa hiyo barua yangu sikuijaza hasira. Niliandika tarehe, namba ya kumbukumbu, nilichoomba, nilichojibiwa na kisichofanyika, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Mkuu wa kituo aliniita ofisini kwake. Alikuwa na jalada mezani, na alilifungua mbele yangu. Alikiri kwamba picha za kamera zilipaswa kuchukuliwa mapema na hakumtupia lawama mtu wa chini, jambo lililonifanya nimwamini. Alinieleza kwamba alama zilizopatikana kwenye kioo zilikuwa mbili, moja ikiwa haisomeki vizuri na nyingine ikiwa bado haijafanana na ya mtu yeyote aliyemo kwenye kumbukumbu, na kwamba itaendelea kulinganishwa kila wanapoingizwa watu wapya. Jalada lilihamishiwa kwa mpelelezi mwingine, ambaye hunipigia simu hata akiwa hana jipya. Mara ya mwisho simu yake ilikuwa fupi sana, na ilinitosha.

Kwa anayetaka kujua kama aripoti wizi kwenye kituo hiki, jibu langu ni aende, na aende mapema, akiwa na namba za utambulisho za vifaa vyake na picha za vitu visivyo na namba, kama vile vito. Asitoke kaunta bila namba ya kumbukumbu, asisaini maelezo ambayo hajayasoma au kusomewa, na kama kuna kamera karibu na kwake amwombe mwenye kamera ahifadhi picha za siku hiyo mahali pengine huku polisi wakisubiriwa. Akinyamaziwa, aandike barua badala ya kugombana na askari wa zamu, ambaye mara nyingi hajawahi kuliona jalada lenyewe.

Nimeacha maombi mawili kwa maandishi kwa mkuu wa kituo. La kwanza ni kwamba kila mlalamikaji aarifiwe hali ya shauri lake kwa muda uliopangwa, hata kama taarifa ni kwamba hakuna kilichopatikana. La pili ni kwamba chumba kile kilicho karibu na kaunta kitumike kwa yeyote anayeripoti kupigwa au kudhalilishwa, tangu neno lake la kwanza. Ombi la kwanza amelikubali, na ninaona likitekelezwa kwangu. La pili ameahidi kulifikisha kwa wakubwa wake, nami nitaendelea kulifuatilia mpaka nipate jibu.