Adolescence: Sehemu 4, Kamera Haikati

Mugonile, wana Green City, yaani Mbeya, na nyie wa Njombe na Makete mliojifunika blanketi mbili. Leo mezani ni Adolescence, tamthilia ya Uingereza iliyotoka Netflix Machi 2025. Sehemu 4 tu, jumla haifiki saa 4. Polisi wanavunja mlango alfajiri, wanamkamata Jamie, mtoto wa miaka 13, kwa tuhuma za kumuua binti anayesoma naye. Hapo sijakuharibia uhondo, hayo ni ya mwanzo kabisa.

Kila sehemu imerekodiwa kwa mkupuo mmoja. Kamera ikishawashwa, haizimwi mpaka mwisho. Ukikosea dakika ya 50, wote mnaanza upya. Sehemu ya 1 unayoiona ni jaribio la 2. Ya 4 ni jaribio la 16, la mwisho.

Sasa, inasaidia nini? Tamthilia nyingi mtu akipanda gari, wanakata, ameshafika. Hapa ni kama daladala ya Kabwe kwenda Uyole: umeingia, unakaa nayo mpaka ifike. Unapanda na Jamie, unamsikia analia, unashuka naye kituoni, anachukuliwa alama za vidole. Akipekuliwa mwilini, kamera inamwacha, inabaki usoni kwa baba yake, anayeigizwa na Stephen Graham. Huyo ndiye aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, na pale hasemi karibu chochote. Tazama taya lake tu.

Ila ya 3 ndiyo yenyewe. Imepita miezi 7, karibu yote ni chumba kimoja na watu wawili: Jamie na mwanasaikolojia Briony, anayeigizwa na Erin Doherty. Amemletea kikombe cha chokoleti ya moto na kipande cha sandwichi. Fuatilia kikombe hicho, halafu angalia nani kasimama na nani kakaa. Kamera inawazunguka taratibu, na kila mtoto anapoinuka unaona mwanamke mzima anajikaza asionyeshe hofu. Owen Cooper, anayeigiza Jamie, hakuwahi kuigiza popote kabla ya hapo, na sehemu hii ndiyo waliyoanza kurekodi! Alipata tuzo ya Emmy mwaka 2025 akiwa na miaka 15. Stahili yake.

Ya 2 inayumba. Shule ina watu wengi, na kamera isiyokata lazima imfuate mtu mmoja hadi akutane na mwingine, ndipo ihamie. Unaanza kuziona hesabu za watengenezaji: huyu kapita hapa ili kamera ipate njia. Rafiki wa marehemu, Jade, ana uchungu mzito, lakini sehemu zinazofuata hazimrudii. Na marehemu mwenyewe, Katie, tunamjua kidogo mno. Mpelelezi mmoja analalamikia hilo hilo, sawa, lakini kulitaja tatizo siyo kulitatua. Dakika za mwisho zinaiokoa: kamera inafungwa kwenye droni, inapaa juu ya nyumba, inatua, na safari inaishia usoni kwa baba yake Jamie mwenye maua mkononi. Bila kukata.

Namna ya kuangalia. Pakua kwanza, maana ikianza kuzunguka katikati ya mazungumzo umepoteza kila kitu walichokihangaikia. Usipopakua, ukatazama moja kwa moja kwenye simu kwa mpangilio wa kuokoa data, GB 1 inakwenda kama saa 6, hivyo zote 4 zinaingia na chenji inabaki. Picha kali ya HD hula mpaka GB 3 kwa saa. Washa maandishi ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako kimenyooka. Lafudhi ni ya kaskazini mwa Uingereza, maneno wanayameza.

Ukiikuta kwenye flashi imetiwa sauti ya kibanda umiza, iache. Mtafsiri hujaza kila ukimya, na hapa ukimya ndio umebeba kazi.

Usiku mmoja, sehemu mbili: 1 na 2, kesho 3 na 4. Kabla ya kuanza ya 3 hakikisha simu ina chaji. Dakika 52 zile hazitaki kukatwa na umeme.