Draya ya kompresa: soma kibandiko cha nyuma kabla hujatoa hela

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina draya ya upepo, yaani mashine ya kukausha upepo wa kompresa, ile inayopoza kwa gesi kama friji. Pembeni yake nimeweka kikombe kidogo cha chembe za silika zinazonyonya unyevu, ambacho mafundi wengi wanakifunga mwisho wa mpira wakiamini wamemalizana na maji. Hawajamalizana nayo, na nitawaonyesha kwa nini.

Tuanzie chini ya tangi. Kompresa imepiga kazi tangu asubuhi, sasa nafungua koki... Mnaona? Maji ya rangi ya kutu, na juu yana utando wa mafuta. Haya yamekubali kubaki tangini, kwa hiyo si tatizo sana, unayamwaga tu. Yanayoharibu kazi ni yale yaliyopita.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanashtuka. Chukua kompresa inayovuta lita 1,000 za hewa kwa dakika, joto la nyuzi 30, unyevu asilimia 80. Kila mita moja ya ujazo inaingia na gramu 24 hivi za maji. Kwa saa moja hiyo ni karibu lita moja na nusu! Ukiibana hadi shinikizo la baa 7, hewa yote ile inasongwa kwenye takriban sehemu moja ya nane ya nafasi yake ya mwanzo, na mvuke unakosa pa kukaa. Upepo ukipoa hadi nyuzi 35, zaidi ya lita moja inadondoka kwenye tangi. Ila gramu 300 hivi kila saa zinaendelea na safari zikiwa mvuke. Filta ya maji haiwezi kuzizuia, kwa sababu filta inakamata matone tu. Mvuke ukikuta paipu imepoa, unageuka maji hukohuko mbele: rangi inatoa malengelenge, mashine ya kufungulia nati inashika kutu ndani, mchanga wa kusafishia chuma unagandamana na kuziba.

Sasa tuifungue draya yenyewe. Upepo wenye joto unaingia hapa kushoto, unapishana na ule baridi unaotoka, kisha unapita kwenye koili ya gesi na kushuka hadi nyuzi 3 hivi. Maji yanajitenga na kutokea kwenye dreni hii. Watengenezaji hawashuki chini zaidi kwa sababu ikifika sifuri maji yanaganda na kuziba njia. Nashika paipu ya kutokea: si baridi, wala haitoi jasho, kwa kuwa upepo umepashwa tena na ule unaoingia. Katika zile gramu 300 zinabaki kama 40, nazo hazitageuka maji mpaka paipu yako ipoe chini ya nyuzi 3. Kwa karakana nyingi hiyo inatosha kabisa. Katika ISO 8573-1, kiwango cha kimataifa cha usafi wa upepo wa kompresa, upepo wenye nukta ya umande (joto ambalo mvuke unaanza kugeuka maji) ya nyuzi 3 uko daraja la 4 upande wa maji.

Geuza mashine sasa, usome kibandiko. Uwezo ulioandikwa pale kwa kawaida umepimwa upepo ukiingia na nyuzi 35, chumba kikiwa nyuzi 25, shinikizo baa 7. Kompresa ya pistoni isiyo na kipozeo inatoa upepo wa moto kuliko huo kwa mbali. Na upepo wa nyuzi 45 unabeba mvuke zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa nyuzi 35! Ukinunua draya inayolingana sawasawa na kompresa kwa maandishi, kwenye joto inazidiwa. Tafuta jedwali la marekebisho ndani ya kitabu chake, na upange hivi: kompresa, kipozeo, tangi, filta, ndipo draya.

Hiki kikombe cha silika kinafaa kwa kazi ndogo ya mwishoni, kikisaidia draya. Kikiachwa peke yake chembe zinashiba upesi, na upepo unaanza kupita na unyevu wake. Zile za bluu zinazogeuka pinki huwa na kobalti kloridi, ambayo ina madhara kwa afya. Mimi nachagua za rangi ya chungwa.

Ziko pia draya kubwa za minara miwili iliyojaa chembe za kunyonya unyevu, mmoja ukikausha upepo, mwingine ukifufuliwa, yaani chembe zake zikikaushwa upya. Hizo zinafikisha nukta ya umande nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndizo za kununua kama paipu zako zinapita kwenye baridi ya kugandisha. Lakini zile zisizotumia hita zinakula takriban asilimia 15 ya upepo wako kufufua chembe, na mafuta yakiingia chembe zimekwisha. Usimnunulie fundi rangi mzigo huo.

Nisichokipenda kwenye mashine hii ni dreni ya saa: inafunguka maji yawepo yasiwepo, inamwaga upepo uliolipia umeme. Dreni inayofunguka maji yakijaa ni bora, iongezee hela. Kioo nacho kinaonyesha nyuzi za koili, si ukavu halisi wa upepo, kwa hiyo usikiamini peke yake. Halafu kondensa, sehemu inayotoa joto la gesi nje, haina chujio la vumbi. Ipulizie mara kwa mara. Kwa jumla naipendekeza, ukichukua saizi moja juu.

Iwashe dakika kadhaa kabla ya kompresa ili koili ipoe kwanza. Kisha, siku ya joto na unyevu, weka chupa chini ya dreni. Chupa ikibaki kavu na kazi inaendelea, zima, toa upepo wote, ufungue dreni: imeziba, na maji yanakwenda kwenye bunduki yako ya rangi.