Sensa ya Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake: nilivyoviona juu ya daino

Naanza na hukumu, maana najua wapo wanaosoma mistari miwili na kuondoka. Sensa, inayopima oksijeni kwenye moshi wa injini, ni nzuri sana, kidhibiti kinachoiendesha ni cha wastani, na ile geji ya duara inayokuja nayo ni pambo la dashibodi. Mtengenezaji wa kidhibiti simtaji, kwa kuwa malalamiko yangu juu yake ni ya aina utakayoikuta kwa wengi wa bei hiyohiyo.

Kazi yangu ni kutuni magari kwenye daino, yaani mashine ya kupima nguvu ya gari magurudumu yakizunguka palepale, na hapo sensa ya oksijeni ya kiwandani hainisaidii. Magari mengi yana ile ambayo volti zake hurukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Mpaka wake uko karibu na 0.45, pale kilo 14.7 za hewa zinapokutana na kilo moja ya petroli. Inajua umevuka mpaka au hujavuka, basi. Ukikanyaga mafuta mpaka chini unataka kujua uko 12.8 au 11.5, na yenyewe inakujibu tu kwamba mafuta ni mengi. LSU 4.9 ina kijumba kidogo ndani na pampu ya umeme inayoingiza au kutoa oksijeni mpaka hali humo ndani ikae sawa. Mkondo unaotumika kwa kazi hiyo ndio kipimo chenyewe, na ndiyo maana inasoma kuanzia lambda 0.65 mpaka hewa tupu (lambda ni mchanganyiko ulionao ukigawanywa kwa ule kamili).

Kufunga si kazi ngumu. Nati ya kuchomelea imo ndani ya boksi, uzi wake ni M18x1.5, na spana namba 22 inatosha. Kwenye gari la turbo ichomelee baada ya turbo, kwani kabla yake presha ya moshi inavuruga usomaji. Sensa ilale ikiwa imeinuka angalau digrii 10 juu ya ulalo, maji yasikusanyike kwenye ncha. Ncha hiyo hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 780, na tone moja la maji kwenye kauri ya moto linaipasua. Hapa kidhibiti nakipongeza: kinaipasha sensa taratibu, hakiichomi ghafla. Sikipongezi kwa soketi kubwa isiyopita kwenye tundu la kawaida la ukuta wa injini. Mtu anashawishika kukata waya na kuunga upya upande wa pili. Usithubutu kuitupa soketi ya sensa: ndani yake kuna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyohiyo. Ukiweka soketi nyingine, namba zote zinakuwa za kubuni.

Sasa kwenye daino penyewe. Gari lilikuwa la turbo, silinda nne, gia ya nne, feni inavuma mbele. Mchanganyiko ulikaa 11.6 vizuri tu, kisha karibu na mizunguko 5,200 kwa dakika mstari ukapanda hadi 13 na kitu, na mstari wa nguvu ukabonyea hapohapo. Mwenye gari, kijana mwenye haraka zake, akaniambia, "Fundi, ongeza mafuta hapo." Ukiangalia namba peke yake, unaweza kumkubalia. Lakini sensa hii haioni mafuta, inaona oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake yote inatoka kwenye ekzosi bila kutumika, na sensa inatangaza kwamba hewa imezidi hata kama petroli imejaa tele. Sauti nayo ilikuwa na mikatiko midogo: injini ilikuwa inamisi. Tulichomoa plagi, tukapunguza mwanya kutoka milimita 0.9 hadi 0.7, tukarudia raundi. Mstari wa mchanganyiko ukalala palepale 11.6 na bonde kwenye nguvu likatoweka. Mafuta hayakuguswa hata kidogo.

Sensa isingekuwa nyepesi kiasi hicho, mwinuko ule wa mchanganyiko ungefunikwa. Daino nyingi huja na bomba lao la kunusia moshi kwenye mkia wa ekzosi, na nililiwasha sambamba ili nilinganishe. Likachelewa, na ule mwinuko wa ghafla ukatoka kama kimwinuko laini ambacho mtu angekipuuza. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ndiyo kabisa: hewa ya nje inarudi ndani ya bomba na linasoma hewa nyingi kuliko ilivyo. Kwa gari ambalo mwenyewe hataki litobolewe, bomba hilo linakupa picha ya jumla. Mimi situni turbo kwa picha ya jumla.

Penye kasoro ni kwenye waya. Kidhibiti kinatoa volti 0 hadi 5 kuwakilisha mchanganyiko wa 10 hadi 20. Hesabu ni rahisi: kila volti ni pointi 2, kwa hiyo volti 0.2 zikizidi au zikipungua njiani umedanganywa pointi 0.4. Ndivyo ilivyokuwa. Geji ilisema 12.0, kompyuta ya injini ikarekodi 12.4, kwa sababu ethi ya kidhibiti ilifungwa kwenye bodi na ya kompyuta kwenye injini. Nilizihamishia zote mbili sehemu moja, tofauti ikapungua ila haikuisha. Mwishowe nikaunganisha kwa laini ya CAN, ambayo hutuma namba yenyewe badala ya volti, na geji na kompyuta zikakubaliana. Kijitabu cha maelezo kina kurasa nzima za kubadilisha rangi za geji, na mstari mmoja tu kuhusu ethi. Aliyekiandika hajawahi kulala chini ya gari.

Jambo jingine: siku hiyohiyo niliihamisha geji ionyeshe lambda. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 haitaki 14.7, inataka karibu 14.1, na E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, inashuka hadi 9.8 hivi. Geji haijui umemimina nini kwenye tangi. Inapima lambda, inazidisha kwa 14.7, inakuonyesha. Kwenye lambda, 1.00 ni 1.00 kwa mafuta yoyote, na mteja akileta gari la E85 sihitaji kukokotoa kichwani huku magurudumu yakizunguka.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu kidhibiti hakitoi onyo lolote sensa inapoanza kuchoka, na sensa hizi zinachoka: petroli yenye risasi inaziua, gundi ya silikoni kwenye gasketi nayo inaziua. Kwa sasa ninachofanya ni kuichomoa, kuipasha na kuiacha kwenye hewa safi, nione kama inasoma oksijeni asilimia 20.9. Ikikataa, naagiza nyingine kabla gari halijapanda daino.