PsychoPy kwa majaribio ya sura zilizofichwa: hesabu fremu, si sekunde

Kwa anayetaka kupima jinsi ubongo unavyosoma sura ya mtu kabla mwenyewe hajajua ameiona, PsychoPy ndiyo programu tunayoipendekeza kwanza. Ni ya bure, na ilianzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza.

Mfano mzuri wa kuijaribia ni mpangilio wa mtafiti Whalen na wenzake wa mwaka 1998: sura yenye woga kwa milisekunde 33, ikifunikwa papo hapo na sura tulivu kwa milisekunde 167. Wengi wa washiriki walisema wameona sura tulivu tu, ilhali amigdala zao, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hisia kama woga, ziliitikia woga.

Kwenye Builder, dirisha la PsychoPy la kupanga jaribio bila kuandika msimbo, usiandike muda kwa sekunde. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7 (hiyo ndiyo fremu moja), kwa hiyo chagua kipimo cha fremu, uweke 2 kwa sura na 10 kwa kifuniko. Ikidondoka fremu moja tu, 33 inageuka 50, na kilichofichwa kinaanza kuonekana. Chanzo mara nyingi ni picha kubwa mno inayosomwa kutoka diskini katikati ya jaribio: ipunguze hadi ukubwa utakaoonyeshwa, uipakie mapema, na ufunge programu nyingine. Washa pia rekodi ya vipindi vya fremu, uondoe raundi zilizochelewa. Hata hivyo, programu inajua ilipotuma picha tu. Skrini ilipoiwasha kweli utajua kwa kihisi mwanga kwenye kona ya kioo.

Mbinu ya kulipumbaza jicho moja kwa michoro ya rangi inayobadilika mara 10 kwa sekunde (fremu 6 kila mchoro), huku jicho jingine likionyeshwa sura, nayo inawezekana, kwa miwani ya nyekundu na samawati. Miwani ya bei rahisi huvujisha. Ijaribu hivi: funga jicho linaloonyeshwa michoro; jingine lisione hata kivuli cha michoro hiyo.

Upungufu unaotuudhi ni kwamba kipimo cha ufahamu, yaani cha kujua kama mshiriki aliiona sura iliyofichwa, unakijenga mwenyewe. Bila hicho matokeo hayana thamani, kwa sababu wapo wanaoiona sura hata kwa milisekunde 33. Mwishoni rudia picha zilezile, umlazimishe kila mshiriki achague: woga au utulivu? Raundi 10 hazitoshi, kwani hata anayeona kidogo anaweza kupata 5, sawa na anayebahatisha.

Kuliendesha jaribio mtandaoni kupitia tovuti ya Pavlovia hulipiwa, na skrini ya mshiriki huijui. Kwa dodoso sawa. Kwa sura za fremu 2, hapana.